Picha ya Kumaliza Filamu

Filamu ya kawaida ilikuwa na picha 36. Thelathini na mbili au tatu za kwanza zilikuwa kazi: harusi, ubatizo, mtoto amefikisha mwaka, jamaa amenunua redio. Zilizobaki zilikuwa shida. Huwezi kupeleka filamu kuoshwa kama haijaisha, maana hapo unatupa pesa. Na huwezi kungoja wateja wengine, maana waliokwisha kupigwa wanakuja mlangoni kila jioni kuuliza picha zao ziko wapi. Kwa hivyo anko alikuwa anatoka nje, anaangalia kushoto, anaangalia kulia, na chochote atakachoona anakipiga. Paka juu ya mabati. Dada yake akikata sukuma. Mitungi ikiwa kwenye foleni bila wenyewe. Filamu inaisha, kamera inalia ikijirudisha, anaitoa anaiweka kwenye mfuko wa shati, anapanda matatu kwenda tao.

Hizo ndizo picha nataka kuongelea.

Mwaka jana anko aliamua kurudi ushago kabisa, baada ya miaka zaidi ya thelathini Kayole. Alikuwa na vitu vichache vya kubeba na katoni nne za negativu za kutupa. Mpango wake ulikuwa azichome nyuma ya ploti pamoja na takataka nyingine, na naamini angefanya hivyo kama mama hangepiga simu kuniambia niende nikamsaidie kufunga mizigo. Katika ukoo wetu mimi ndiye mtu mwenye muda. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Karo ilikuwa sehemu ya sababu, siyo yote, na hii siyo makala ya hiyo. Kozi yenyewe ilikuwa historia. Cheka ukitaka.

Nilimwomba anipe wiki tatu kabla ya kiberiti. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto akiokota vifuniko vya soda. "Chukua," akasema, "lakini katoni zenyewe nitazitaka."

Sina skana. Nilifungua ukurasa mweupe kwenye skrini ya laptopu, nikaweka kipande cha kioo juu, nikapanga negativu juu ya kioo, nikapiga kwa simu, halafu programu ya bure ikanigeuzia rangi. Kwenye negativu meno ni meusi na nywele ni nyeupe, kila mtu anafanana na mzimu. Ukibonyeza kitufe, mzimu anakuwa mtu wa mtaani. Nyingine zilikuwa zimeshikana kwa unyevu, hazikuachana. Nyingine zilikuwa zinanuka siki. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu hiyo, na zikishaanza hakuna kurudi nyuma. Nilikuwa nafungua dirisha na kuendelea.

Pamoja na negativu kulikuwa na daftari, lile la mazoezi la shule, lenye safu tatu: jina, idadi ya picha, pesa. Majina siyo ya kitambulisho. "Mama maziwa." "Fundi viatu, kofia." "Yule mrefu wa karibu na kanisa." Nikiwa mdogo picha moja ya kadi ilikuwa shilingi 50, unalipa nusu ukipigwa na nusu ukichukua. Waliomaliza kulipa wamekatwa mstari. Wasiokatwa ni wengi kuliko nilivyotarajia, na picha zao zilikuwa bado kwenye bahasha, zimeoshwa, zimekatwa vizuri, zinangoja.

Basi, zile picha za kazi kwanza. Hakuna anayecheka. Mtu amesimama wima, mikono imebana, macho moja kwa moja kwenye lenzi, kando yake kuna stuli yenye maua ya plastiki. Kwa miaka nilidhani huo ni ushamba tu, watu hawajazoea kamera. Baada ya filamu kama ishirini nilianza kuona kwamba walikuwa wamezoea vizuri sana, na walijua kamera ni ya nini.

Fikiria jinsi watu wengi hapa walivyokutana kwanza na wazo la kuwekwa kwenye kumbukumbu. Serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kipande mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanaume Mwafrika alibeba karatasi yenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila hicho kikebe hutembei. Hata leo tunaita kitambulisho kipande, na wengi hatufikirii neno hilo limetoka wapi. Wanawake waliingizwa kwenye usajili mwishoni mwa miaka ya 70, ndiyo maana katika familia nyingi picha ya kwanza ya nyanya ni ile ya kitambulisho: uso, sikio, kitambaa kimetolewa kichwani kwa amri ya karani. Picha ambayo hakuomba, ameilipia, na akifa ndiyo inakuzwa inawekwa juu ya jeneza.

Sasa linganisha na studio. Studio ni mahali ambapo mtu wa kawaida aliingia kwa hiari yake, akalipa, na akaamua mwenyewe aonekane vipi. Mombasa kulikuwa na N. V. Parekh, ambaye miaka ya 50 na 60 alipiga familia za Waswahili, Wahindi, Waarabu, wapenzi wameegemeana kama waigizaji wa sinema za Bombay. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor, aliyejifunza mwenyewe. Alikuwa anakata vichwa vya wateja kwenye picha moja na kuvibandika kwenye nyingine, unakuta mtu amechomoza katikati ya ua. Wengine Lamu waliona kupiga picha za watu ni jambo la kutiliwa shaka kidini, na bado walikuja. Pale Likoni kwenye feri, miaka ya 90, wapiga picha wengi wao wakiwa wametoka bara waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwaandika kwa kina. Mtu ameshuka basi kutoka bara, hajawahi kupanda ndege, anapiga picha mbele ya ndege na kuituma nyumbani. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalipowafukuza watu wa bara, unaweza kukisia biashara hiyo ilipata pigo gani.

Nairobi sisi tulikuwa na Uhuru Park. Mzee Kenyatta aliifungua mwaka 1969, na tangu nikiwa na akili timamu Jumapili pale ilikuwa na maana ya wapiga picha wenye albamu za sampuli kifuani, wakikufuata mpaka kwenye maboti. Anko alikuwa mmoja wao. Siku sita mtaani, Jumapili Uhuru Park, mgongo kwa ziwa na majengo ya tao nyuma ya mteja. Alikuwa na koti moja la suti la kukodisha. Nimelihesabu koti hilo kwa wanaume kumi na tisa tofauti, wanene kwa wembamba. Kwa wembamba alikuwa anabana na kibanio cha nguo mgongoni. Kwenye picha huoni. Kwenye negativu moja aliyokosea kuipiga, mteja amegeuka, unakiona.

Kosa ndilo linakuonyesha kibanio. Mambo mengi niliyojifunza kwenye hizo katoni niliyapata kwa njia hiyo.

Ukitaka kuona jambo hili kwa kiwango kikubwa, angalia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo alikuta studio pale inatupa picha zenye tundu la mstatili mahali pa uso. Mteja alitaka picha moja ya pasipoti tu, na ilikuwa rahisi zaidi kumpiga mwili mzima kisha kuutoa uso kwa mashine ya kukatia. Uso ulienda kwa ofisi, kwa benki, kwa shirika la misaada. Mabaki yalibaki chini. Na kwenye mabaki unaona mikono ilivyoshikana, mtoto amepakatwa magotini, koti lilelile la kuazima likirudi tena na tena, kwa watu waliotoka kwenye miaka mingi ya vita. Mwaka 2013 mabaki hayo yalionyeshwa New York. Nimeyaangalia mara nyingi kwenye simu. Ule uso uliokatwa ungeniambia kidogo kuliko ile mikono.

Kwa hivyo nilirudi kwa mabaki yetu. Picha namba 34, 35, 36.

Kuna mtoto ameketi ndani ya karai, amekasirika. Kuna wanaume wanne wameinama juu ya injini ya pikapu, huoni uso hata mmoja, unaona soli za viatu na matako. Kuna ukuta wenye tangazo la kampeni limechanwa nusu, na mbele yake mwanamke anayechoma mahindi anapunga mkono kumkataza anko asimpige. Kuna sahani za plastiki kwenye kamba ya nguo, sijui kwa nini. Kuna mlango wetu. Mlango tu, na kandambili tatu nje, na mimi najua ya kwanza ni ya nani.

Mwanzoni nilifikiri nimegundua kitu, nikawa naongea kuhusu hizo picha kwa marafiki kama mhubiri. Historia yetu ya picha ni historia ya sikukuu, niliwaambia. Siku za kawaida zilikuwa ghali mno. Filamu pesa, kuosha pesa, nauli ya kwenda tao pesa. Nani atalipia picha ya mama akikata sukuma? Maisha tuliyoyaishi siku nyingi zaidi ndiyo hayako kwenye albamu, isipokuwa pale filamu ilipobaki. Bado naamini hivyo, kiasi.

Lakini kuna vitu havikukaa sawa. Cha kwanza ni tarehe. Kamera ya pili ya anko, ile ndogo, ilikuwa inachapa tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona. Picha ya ule mlango inasema '94. Uongo. Kandambili ya kwanza ni yangu, na mimi mwaka 1994 sikuwa nimezaliwa. Betri ikitolewa saa ya kamera inarudi mwanzo, na anko hakuwahi kujisumbua kuirekebisha. Miaka mitano nzima ya mtaa wetu ilitokea Januari ya mwaka mmoja. Ningekuwa bado chuoni ningeandika tarehe hiyo kwenye maelezo ya picha bila wasiwasi.

Cha pili ni ngozi. Kwenye filamu nyingi watu weusi sana wamepotea, unaona meno, macho na kola ya shati. Nilidhani anko alikuwa mbovu wa flashi. Kumbe kwa miongo maabara za picha zilipimia rangi kwa kadi yenye mwanamke mweupe, kadi zilizoitwa Shirley, na filamu yenyewe ilitengenezwa kwa kufikiria ngozi ya aina hiyo. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth alipofuatilia habari hii, watu wa Kodak walimweleza kwamba msukumo mkubwa wa kurekebisha ulitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, waliolalamika kwamba rangi za kahawia za bidhaa zao hazitofautiani. Nilimsomea anko hiyo sehemu. Hakushangaa. Aliniambia ndiyo sababu alikuwa anawapaka wateja mafuta ya kujipaka kwenye paji la uso na mashavu kabla ya kuwapiga, mwanga upate pa kushika. Rudi kwenye albamu za kwenu uangalie. Watu wanang'aa. Mimi nilidhani ni jasho.

Cha tatu ni mama.

Ile picha ya sukuma ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Amekaa kwenye kistuli nje, ana miaka kama ishirini na tano, yaani umri wangu, kisu mkononi, kichwa kimegeuka upande kama ameitwa na mtu ambaye hayuko kwenye picha. Mdomo uko nusu wazi. Leso imefungwa ovyo. Sijawahi kumwona hivyo, mtu ambaye hajajiandaa kuwa mama ya mtu. Niliichapisha tao kwa ukubwa wa karatasi ya A4, nikaitia kwenye fremu, nikampelekea.

Aliishika kwa muda. Akauliza kwa nini nimechagua hiyo.

Nikamweleza. Nilikuwa na hotuba tayari, Gulu na kila kitu.

"Nywele sijachana," akasema. "Na hii sikuilipia."

Akaingia chumbani akatoka na picha yake ya kadi, ambayo nimeiona maisha yangu yote, ya filamu hiyohiyo kwa jinsi leso ilivyo kwenye begi lake. Amesimama Uhuru Park, mkoba mweusi mbele kwa mikono miwili, viatu vya kisigino, hacheki. Aliniambia mkoba haukuwa wake. Viatu vilikuwa vya rafiki yake, vidogo, ndiyo maana amesimama hivyo. Alikuwa ameweka pesa miezi miwili. Kaka yake angempiga bure, lakini alikataa bure. Siku hiyo asubuhi alikuwa amekwenda kuulizia kazi akaambiwa arudi Jumatatu, na alikuwa na uhakika ataipata. "Hii ndiyo mimi," akasema, "hiyo nyingine ni anko wako alikuwa anamaliza filamu."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemaliza wiki mbili nikiwaambia watu kwamba picha ya kweli ni ile isiyopangwa, na mwenye uso ananiambia kwamba siku ile alijipanga, na kujipanga kulimgharimu, na ndipo alipo. Kazi hakuipata, kwa njia. Hilo haliko kwenye picha yoyote.

Kwenye sebule yetu kuna misumari mitatu juu ya televisheni. Mmoja una picha ya babu, mmoja una ya harusi. Wa tatu umekuwa mtupu tangu nilipopata barua ya kujiunga na chuo, na sote tunajua ulipigiliwa kwa ajili ya nini. Nilipokuwa nafunga katoni ya mwisho nilikuta joho chini kabisa, jeusi, na kofia yake imelainika. Anko alikuwa analikodisha. Ukifuata daftari, watu waliolivaa ni wengi, na sidhani wengi wao waliwahi kukanyaga ukumbi wa mihadhara. Zamani ningewacheka. Anko alilikung'uta vumbi, akanitupia. "Vaa tukupige moja, mama yako apumzike."

Nililivaa. Linanitosha. Picha iko kwenye simu yake na sitasema zaidi.

Katoni zenyewe hazikuchomwa. Niko na negativu chini ya kitanda, si mahali pazuri, najua. Nikijisikia vibaya nakumbuka Priya Ramrakha, mtoto wa Nairobi aliyepigia magazeti makubwa ya Marekani kama Time na Life, akauawa kwa risasi mwaka 1968 akiwa kwenye vita vya Biafra. Kazi yake ilikaa miongo kwenye gereji hapa Nairobi kabla jamaa yake kuifukua. Kama yake ilikaa gerejini, ya anko inaweza kukaa chini ya kitanda mpaka nipate sanduku kavu.

Ile ambayo haikuweza kungoja ni bahasha za picha zisizochukuliwa. Jumamosi ya mwisho kabla anko hajaondoka, tulifunga kamba ya nguo kati ya nguzo ya stima na kibanda cha muuza chipsi, tukazitundika kwa vibanio, vile vya koti vikiwemo. Sikuandika bango. Watu walisimama. Vijana walipiga picha za hizo picha kwa simu wakacheka suruali. Mzee mmoja alimwonyesha mjukuu wake jirani aliyekufa, akaomba aichukue apeleke kwa wenyewe. Bahasha nyingi zilibaki zilipo, kwa sababu Kayole watu huhama.

Karibu na saa kumi na moja akaja mwanamke amebeba mboga kwenye mfuko. Alipita, akarudi. Alisimama mbele ya msichana mwenye sare ya shule na soksi zilizovutwa mpaka magotini, akatoa kibanio taratibu. Hakuangalia picha kwa muda mrefu. Alimwuliza anko anadaiwa ngapi.

"Wacha tu, mama. Hiyo ni ya zamani."

"Nilikulipa nusu. Ngapi?"

Anko akafungua daftari, akapitisha kidole kwenye kurasa huku amevaa miwani yake ya dukani, akampata. Shilingi 25. Mwanamke akatoa noti ya 50 na kusubiri chenji. Anko hakuwa nayo, mimi nilikuwa nayo. Akaiweka picha kati ya mboga na kitambaa, ili isilowe, akaenda. Anko akaomba kalamu.